Gari ya zamani inabugia mafuta? Angalia joto la injini kabla hujagusa plagi

Gari yangu ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 1.5, yaani kainjini kadogo tu, lakini ilikuwa inanipa kilomita 8 kwa lita wakati wenzangu wenye injini hiyohiyo wanapata 12 mpaka 14. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akang'oa nozeli (zile zinazopuliza petroli kwenye injini) akazisafisha. Wa tatu akasema oksijeni sensa (ile ya kwenye ekzosti inayoiambia kompyuta kama mafuta ni mengi au kidogo) imekufa, nikanunua, ikafungwa, gari ikaendelea kunywa vilevile kama hatujafanya kitu. Tatizo lilikuja kujulikana siku nimetoka alfajiri na safari ndefu, nimeshaendesha zaidi ya nusu saa, natupa jicho kwenye dashibodi nakuta mshale wa joto umelala chini kabisa karibu na ile herufi C. Nilipofungua kikombe cha thamostati (kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ndani hamna kitu. Tupu! Kumbe mwenye gari wa kabla yangu iliwahi kumchemshia, fundi wake akang'oa thamostati akatupa, akamwambia sasa haitachemsha tena, na kweli ilikuwa haichemshi, ila ilikuwa haipati moto pia, na hiyo ndo ilikuwa inanimaliza.

Ndo mana siku hizi mtu akiniambia gari yake inakula mafuta, swali langu la kwanza ni mshale wa joto unakaa wapi na unachukua dakika ngapi kufika hapo. Watu wanachukulia ulaji wa mafuta na upozaji wa injini kama kesi mbili, hii inaenda kwa fundi wa umeme na ile kwa fundi wa rejeta, wakati kwenye magari ya umri huu mara nyingi ugonjwa ni mmoja, na mbaya zaidi zile dawa za haraka za kuchemsha ndo zinazozaa ulaji wa mafuta. Kung'oa thamostati ni dawa moja. Kuunga feni dairekti ili izunguke muda wote ni nyingine. Zote mbili zinaweza kuacha injini ya baridi.

Kwanza hakikisha kweli inakula

Geji ya mafuta siyo kipimo. Ile ni boya linaelea kwenye tenki na kwenye gari za zamani linadanganya sana, linashuka taratibu nusu ya kwanza halafu nusu ya pili linaporomoka. Fanya hivi: jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee, rudisha ile trip (kihesabu cha kilomita za safari) kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako angalau kilomita 250 au 300, kisha rudi kujaza kwa namna ileile, ikiwezekana pampu ileile. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Mfano umetembea 312 na zimeingia lita 36.4, hapo gari inakupa 8.6 hivi. Rudia mara tatu, mana mara moja inaweza kukudanganya.

Hapo pia angalia tairi. Kama mtu amefunga tairi kubwa kuliko zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, odomita inahesabu kilomita chache kuliko ulizotembea kweli, kwaiyo gari itaonekana mlafi kuliko ilivyo. Na kama safari zako ni za kilomita mbili tatu halafu unazima, hata gari isiyo na ubovu itakula sana, mana muda wote iko kwenye kuwaka baridi. Hiyo siyo ubovu, ni matumizi.

Injini inayokataa kupata moto

Nielezee kidogo kinachoendelea humo ndani. Petroli ikiwa kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri, inanata kwenye kuta za bomba la hewa na za silinda, kwaiyo kompyuta inaongeza mafuta ili kiasi kitakachobaki kuwaka kitoshe. Injini ikishapata moto kompyuta inaacha kuongeza, inaanza kumsikiliza oksijeni sensa na kutafuta uwiano wa hewa gramu 14.7 kwa petroli gramu 1. Sasa kama maji hayafiki joto la kazi, ambalo kwa injini nyingi ni kati ya digrii 85 na 95, kompyuta inabaki inadhani ndo kwanza umewasha asubuhi. Siku nzima iko asubuhi.

Kwenye otomatiki kuna hasara ya pili ambayo mafundi wengi hawaitaji: magari mengi kompyuta haikubali kuingiza gia ya overdraivu (gia ya mwisho) wala kufunga loku ya toki konvata (kiungo cha injini na gia boksi, kikifungwa hakitelezi) mpaka maji yafike joto fulani. Kwaiyo unatembea spidi 90 injini inazunguka juu kuliko inavyotakiwa, na wewe unalaumu gia boksi.

Na hasara ya tatu ni oili. Mafuta yasiyowaka yanapita pembeni ya ringi za pistoni yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), chomoa kijiti cha oili ukinuse, kama kinanuka petroli na oili inaonekana kuongezeka badala ya kupungua basi ujue injini inajiosha oili kwa petroli na inajila yenyewe taratibu.

Kupima thamostati bila kifaa chochote ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa, iache inaunguruma, shika mpira wa juu wa rejeta (angalia vidole na feni na belti, na tai au kamba za shingoni zivue). Thamostati nzima inakaa imefunga, kwaiyo mpira utabaki baridi dakika kadhaa huku injini yenyewe inapata moto, halafu ghafla utasikia mpira unapata moto kwa haraka. Hapo imefunguka. Ukiona mpira unaanza kupata uvuguvugu tangu dakika ya kwanza na unapanda polepole sambamba na injini, thamostati imeganda ikiwa wazi, au haipo. Ukiona injini imeshafika moto na inazidi kupanda lakini mpira bado ni baridi, imeganda ikiwa imefunga, zima haraka.

Ukitaka uhakika itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, isiguse kitako cha sufuria, ining'inize kwa uzi. Pembeni ya thamostati pamepigwa namba ya joto, kwa kawaida 82 au 88, inatakiwa ianze kufunguka hapohapo karibu na hiyo namba na ikipoa ijifunge yenyewe kabisa. Ikibaki na uwazi hata wa unene wa kucha, tupa. Wakati wa kufunga mpya, kale kapini kadogo kanakochezacheza kakae upande wa juu, ndo kanakopitishia hewa, na ile springi iangalie upande wa injini. Nimeona zimefungwa kinyume zaidi ya mara moja, na gari inachemsha, na thamostati mpya inapewa kesi ya kuwa feki.

Kuna hoja moja utaisikia, kwamba huku kwenye joto thamostati haina kazi. Thamostati haijali hali ya hewa ya nje, inajali maji ya injini. Hata nje kukiwa na digrii 35, injini inahitaji 50 nyingine na zaidi juu ya hapo. Na kuna injini ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili kwa chini kinachoziba njia ya mkato ya maji pale inapofunguka, ukiing'oa hiyo njia inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka injini tu bila kupita kwenye rejeta. Matokeo yake gari inakuwa baridi barabara tambarare na inachemsha kwenye mlima, vyote viwili kwa pamoja. Nakwambia ni vituko.

Sensa ya joto, mwongo mkimya

Kwenye gari nyingi za zamani kuna sensa mbili za joto la maji. Moja ina waya mmoja, hiyo inapeleka habari kwenye mshale wa dashibodi. Nyingine ina waya mbili, hiyo inaongea na kompyuta. Kwaiyo mshale unaweza kuwa sawa kabisa katikati na kompyuta ikawa inaambiwa injini ni ya baridi. Hapo ndipo mtu anahangaika miezi.

Ikikatika waya kabisa ni nafuu, taa ya injini itawaka na gari nyingi zitawasha feni muda wote kwa kujihami. Shida ni ile inayodanganya kidogo kidogo, injini iko 90 yenyewe inasema 50, hamna taa hamna kodi (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta). Ukiwa na skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) kuna kipimo kimoja kizuri sana: asubuhi gari imelala usiku kucha, washa swichi bila kupiga stata, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Vyote viwili vinatakiwa viwe karibu sawa na vikaribiane na hali ya hewa ya nje. Kimoja kikisema 24 na kingine 6, umeshamjua mwongo. Huna skana, tumia mita: kwenye gari nyingi za Kijapani hiyo sensa ya waya mbili inasoma kama kilo-ohmu 2 mpaka 3 ikiwa kwenye digrii 20, na inashuka mpaka ohmu 200 hadi 400 ikifika 80. Inashuka kadri joto linavyopanda. Na kabla hujainunua mpya safisha soketi yake, kutu ya kijani kwenye pini inaongeza ohmu na kompyuta inatafsiri hiyo ohmu kama baridi.

Kuhusu skana yenyewe. Gari zilizouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 zote zina OBD2 (mfumo wa pamoja wa kusomea kompyuta ya gari), za petroli za Ulaya kuanzia 2001, dizeli zikafuata miaka michache baadaye. Lakini gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe miaka hiyo unaweza kukuta tundu ni lilelile la pini 16 na skana yako ya bei rahisi ikagoma kusoma, siyo kwamba mbovu, lugha ni tofauti. Kwenye Toyota za zamani unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia kwa kipande cha waya, unawasha swichi, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mbili, ikapumzika, ikakonyeza mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni oksijeni sensa. Kwa wenye OBD2, kodi ya P0128 inamaanisha maji hayafiki joto linalotakiwa, na mara nyingi sana ni thamostati. Nashangaa watu wanaifuta tu na kuendelea na safari.

Joto liko sawa na bado inakula?

Sasa ndo uhamie kwingine, na uanze na vya bure.

Tairi zikiwa baridi zipime upepo, namba ziko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, siyo zile zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, zile ni za juu kabisa ambazo tairi inavumilia. Halafu breki. Tembea kilomita kama kumi bila kukanyaga breki sana, simama taratibu, pitisha mkono karibu na ringi ya kila tairi bila kugusa. Moja ikiwa inatoa joto kuliko wenzake, kalipa (ile inayobana pedi za breki) imeganda au zile pini zake za kuteleza zimekauka grisi, au waya wa hendibreki haurudi. Ukiinyanyua tairi hiyo ikawa nzito kuizungusha kwa mkono umeshapata mla mafuta wako, na usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi.

Otomatiki za zamani angalia dashibodi kama kuna maandishi O/D OFF yamewaka. Watu wanaendesha miaka na ile taa, wanaona ni pambo, kumbe kila siku wanatembea bila gia ya mwisho kwa sababu ya kitufe kilichobonyezwa bahati mbaya pembeni ya gia liva. Kama hicho kitaa kinakonyeza badala ya kutulia, hiyo ni habari nyingine, gia boksi inalalamika, kapime.

Eakilina chafu kwenye gari ya nozeli inakupunguzia nguvu zaidi kuliko inavyokula mafuta, kompyuta inaona hewa imepungua na yenyewe inapunguza mafuta. Kwenye kabureta ndo inakula kweli, mana pale hamna wa kupunguza. Na kwa wenye kabureta angalia choki, injini ikishapata moto kile kibati cha juu kinatakiwa kisimame wima wazi kabisa, kikibaki kimeinama ni sawa na thamostati iliyong'olewa, unaendesha asubuhi siku nzima.

Plagi zitoe zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda, usizichanganye. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi. Nyeusi iliyolowa na kuteleza ni oili. Nyeupe kama imechomwa ni joto kali au mafuta kidogo. Moja ikiwa safi sana kama imeoshwa wakati wenzake ni wachafu, shika hapo, maji yanaingia kwenye hiyo silinda, tutarudi huko. Zote nne zikiwa nyeusi kavu tatizo ni la pamoja, joto, sensa au presha ya mafuta. Moja tu ikiwa nyeusi ni nozeli yake au koili yake.

Presha ya mafuta ina mtego mmoja rahisi kuukagua. Kwenye reli ya nozeli kuna regyuleta yenye kampira kembamba ka vakyumu, kachomoe injini ikiwa imezimwa. Kakiwa na petroli ndani, mpira wa ndani wa regyuleta umechanika na injini inanyonya mafuta ghafi kupitia hapo, hakuna plagi duniani itakayotibu hilo.

Oksijeni sensa nimeiacha mpaka hapa makusudi kwa sababu ndo inayouzwa sana bila kupimwa. Ile ya kawaida ikiwa nzima inapandashuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ikizeeka inapandashuka kivivu au inaganda upande mmoja. Ikiganda chini kompyuta inaamini mafuta ni kidogo, inaongeza, na inaendelea kuongeza. Kwenye skana tazama ile namba ya fyueli trimu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), ya muda mfupi na ya muda mrefu zijumlishe, ikizidi jumla ya asilimia 10 juu au chini kuna kitu. Trimu ikiwa juu (kompyuta inaongeza mafuta) na plagi nazo ni nyeusi, hivyo viwili havipatani, na hapo ndo umemkamata: sensa inadanganya, au kuna tundu kwenye ekzosti kabla ya sensa linaloingiza hewa ya nje na sensa inahesabu hiyo hewa. Angalia tundu kwanza. Trimu ikiwa juu wakati injini inaunguruma imesimama lakini inashuka ukikanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika, hewa inapita kwenye mpira wa vakyumu uliopasuka. Trimu ikiwa chini ya sifuri sana, kompyuta inapambana kupunguza, kuna nozeli inavuja au ile regyuleta.

Sasa upande wa kuchemsha

Swali la muhimu kuliko yote ni inachemsha wapi. Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kutembea, tatizo ni upepo, yaani feni. Ikichemsha kwenye spidi au mlimani na kutulia ukienda polepole, tatizo ni maji hayapiti au rejeta haitoi joto. Ikichemsha popote pale na maji yanapungua bila kuona yanapodondokea, jiandae kisaikolojia, tutafika.

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa baridi, kwenye mdomo wa rejeta wenyewe na siyo kwenye chupa ya akiba tu. Chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta ikawa nusu. Inatokeaje? Mfuniko. Mfuniko wa rejeta siyo kifuniko cha chungu, una valvu mbili. Moja inashikilia presha, 0.9 au 1.1 imeandikwa juu yake, na hiyo presha ndo inayofanya maji yasichemke kwenye 100, kwenye presha ya 1 hivi maji yanafika kama 120 ndo yachemke. Ya pili inaruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Ya kwanza ikilegea, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye chupa. Ya pili ikiziba, asubuhi utakuta mpira wa rejeta umebonyea kama umenyonywa. Kwenye rejeta na chupa pia hakikisha kale kampira ka kuunganisha hakajapasuka. Nimeona mtu anashusha silinda hedi kwa ajili ya mfuniko.

Na usifungue huo mfuniko wa moto. Kabisa. Maji ya 110 yakitoka kwenye presha yanageuka mvuke hapohapo usoni kwako.

Feni ya umeme: washa eakondisheni, kwenye gari nyingi feni inatakiwa iwake. Ikiwaka hapo lakini haiwaki injini inapochemka, mota ni nzima, tafuta swichi ya joto au relei. Isipowaka kabisa peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota yake ili ujue kama mota ndo mfu. Hiyo ni ya kupimia tu, usiiache hivyo ukaita matengenezo, unaweza kurudi kwenye injini ya baridi na mafuta. Feni ya mkanda yenye viskasi (klachi yenye silikoni nzito ndani yake), zima injini ikiwa ya moto, izungushe kwa mkono, inatakiwa iwe nzito na isimame karibu mara moja. Ikizunguka kama pangaboi imekufa, silikoni imevuja, utaona oili imechafua kitovu chake. Ikiwa imeganda kabisa nayo mbaya, inanguruma kama lori na inakula nguvu ya injini, maana yake mafuta.

Rejeta kagua kwa nje na kwa ndani. Kwa nje, kati ya rejeta na kondensa ya eakondisheni panajaa vumbi, majani na wadudu, ukiangalia kwa mbele huoni, tia tochi kwa juu. Osha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele, presha kubwa inalaza mapezi. Kwa ndani, injini ikiwa ya moto na imezimwa, pima kwa kile kipimajoto cha mwanga, pitisha uso mzima wa rejeta. Joto linashuka taratibu kutoka linapoingilia mpaka linapotokea, ukikuta sehemu ni ya baridi ghafla katikati ya sehemu za moto, hapo mirija imeziba. Kuziba kunaletwa sana na maji ya bomba matupu miaka na miaka, chumvi zinaganda kama kwenye birika. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu inatosha, na usifuate rangi wakati wa kuongeza, kijani ya huyu siyo kijani ya yule, fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kulanti nyingi ni sumu na ina utamu, usiiache kwenye beseni watoto na mbwa wakaifikia.

Wota pampu ina katundu kadogo chini yake, ikianza kulia maji hapo sili imekwisha, haitibiki kwa gundi. Shika puli yake itikise, ikicheza bearingi imekwisha. Kuna pampu hazivuji wala hazichezi ila mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu, hizo zinachemsha kwenye spidi na ni ngumu kuzibaini bila kufungua. Mpira wa chini wa rejeta nao uukague ukimwambia mtu akanyage mafuta, ukiona unabonyea unanyonywa, umelegea ndani, au rejeta imeziba.

Sasa lile la kujiandaa. Gasketi ya silinda hedi. Dalili zake: mapovu yanayoendelea kutoka kwenye mdomo wa rejeta hata dakika kumi baada ya kuwasha, mipira inakuwa migumu kwa presha dakika mbili baada ya kuwasha wakati maji bado ni ya baridi, moshi mweupe wenye harufu tamutamu ambao hauishi injini ikipata moto, ile plagi moja iliyooshwa, oili yenye rangi ya maziwa. Oili ya maziwa kwenye mfuniko peke yake usiihukumie, injini inayotembea safari fupi bila kupata moto inatengeneza unyevu hapo, tena hasa ile isiyo na thamostati! Kwa uhakika kuna kipimo cha dawa ya bluu unachokiweka kwenye mdomo wa rejeta, gesi ya ekzosti ikipita dawa inageuka njano kwa injini ya petroli. Pima na kompresheni, silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka katikati yao.

Kabla hujafika huko toa hewa kwanza. Gari ikimwagwa maji na kujazwa vibaya, hewa inabaki kwenye silinda hedi na mshale unaruka juu na chini. Pandisha pua ya gari, weka hita kwenye joto la mwisho, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, mfuniko ukiwa wazi iache iungurume mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe, ongezea. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini ni ya moto, bado kuna hewa ndani au maji ni kidogo.

Ikikuchemkia njiani, zima eakondisheni, fungua hita mpaka mwisho, vumilia hilo joto, inasaidia kama rejeta ndogo. Mshale ukigusa nyekundu paki uzime, subiri angalau nusu saa. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi ya aluminiamu inapinda au kupasuka. Na usimwamini mshale ulioshuka ghafla katikati ya kuchemka, maji yakiisha sensa inabaki kwenye hewa na inaweza kusoma chini wakati injini inaungua.

Ukishatengeneza, kama umegusa sensa au thamostati futa kodi au chomoa betri kwa muda ili kompyuta isahau yale marekebisho ya zamani, halafu ipe tenki mbili kabla hujapima. Yangu tenki ya kwanza baada ya kufunga thamostati ya 82 ilinipa 10 na kitu nikakata tamaa kidogo, ya tatu ikafika 12.4. Ile oksijeni sensa ya zamani niliyoambiwa imekufa nilikuja kuipima baadaye kwa mita, ilikuwa nzima, ninayo mpaka leo kwenye boksi la vifaa.